Mfiwa Hajaanza Kulia

Fainali ya wasichana ilianza jua likiwa bado kali, na kipa wa timu ya nyumbani hakuwa akiutazama mpira. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya uwanja, pale kwenye bendera, mahali ambapo baba yake alizoea kusimama mikono nyuma, akitafuna unyasi na kumnung'unikia refa. Leo alisimama hapo muuza maji na ndoo yake. Bao la kwanza lilimpita kipa katikati ya miguu. La pili hakujua hata lilipigwa na nani.

Mama yake, aliyekaa kwenye ngazi za saruji pamoja na wazazi wengine, aliyaona yale mabao kama mtu anayeona mvua ikinyesha mtaa wa pili. Simu ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. Kila alipopiga, aliambiwa kuwa anayemtafuta hapatikani kwa sasa. Mumewe alikuwa amekosa mambo mengi maishani: harusi za ndugu, vikao vya ukoo, hata sherehe ya kupewa cheti cha utumishi wake, kwa sababu siku hiyo samaki walikuwa wanashika ndoana vizuri. Mechi ya binti yake hakuwahi kukosa. Mwaka alioteguka bega alikuja na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akashangilia kwa kujipiga paja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kipa alivuka uwanja bila kuwapa mkono wapinzani.

"Baba yuko wapi?"

"Labda gari limemharibikia njiani."

"Mama, nitazame."

Mama akamtazama. "Sijui," akasema.

Mumewe alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule hiyohiyo. Walimu walimwita kwa heshima zote za kazi, lakini wanafunzi walimwita Twende, na jina hilo ndilo lililomganda. Ofisi aliyopewa ilikuwa stoo ya zamani ya vifaa vya michezo, bado inanuka ngozi ya mipira na nyavu zilizolowa. Mtoto akiingia kichwa chini, yeye hakuuliza kitu. Alisimama, akachukua kofia yake na kusema, "Twende." Wakauzunguka uwanja, wakauzunguka tena, pengine wakatokea nyuma ya uzio hadi kwenye kilima cha mikaratusi.

"Mtu ukimkalisha kwenye kiti anajiona mshitakiwa," alimwambia mkewe. "Akitembea, ulimi unalegea wenyewe." Wanafunzi walikuwa na utani wao: tatizo dogo mpelekee mwalimu wa darasa, tatizo kubwa vaa viatu visivyobana.

Likizo na mapumziko yote aliyamalizia mlimani, kwenye hifadhi ya msitu, na hema, sufuria moja na ufito wa kuvulia. Mkewe hakuwahi kumfuata. Alikuwa mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya, na jibu lake lilikuwa moja: "Wadudu ninawaona wa kutosha kwenye hadubini."

Ijumaa ile alipokuwa akifunga begi, mkewe alimuuliza, "Na fainali?"

"Jumapili asubuhi nipo. Nikikosa fainali ya mwanangu, nifungieni mlango." Akambusu utosini, akaondoka akipiga mluzi, kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Jumamosi ilinyesha mchana kutwa.

Baada ya mechi, mama alimpigia kaka wa mumewe. Huyo alikuwa mkandarasi wa ujenzi, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuamua. Hakuuliza maswali mengi. Alikuja na pikapu yake, wakapanda watatu mbele, wakaenda hadi geti la hifadhi. Gari dogo la Twende lilikuwa pale chini ya mti, limejaa majani yaliyoangushwa na mvua, na ndani, kiti cha nyuma, zilikuwa zimetandazwa shati safi na suruali ya kwenda nayo uwanjani.

Mkuu wa askari wa msitu aliwapokea getini. Alikuwa mwanamke wa makamo, buti zimejaa tope, na alipoona ile suruali alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Naye alikuwa mwanafunzi wa Twende. Alipata mimba akiwa shuleni, akafukuzwa shule na baba yake akamfukuza nyumbani. Twende hakuja kumpa mawaidha yeye. Alikwenda kumchukua yule baba, akatembea naye jioni baada ya jioni, mpaka mzee akachoka kuwa na hasira. Kisha akahamia kwa bodi ya shule, nao akawachosha vilevile. Msichana alirudi darasani, mtoto akabaki kwa bibi. Mlima aliokuja kuulinda ukubwani, aliujua kwanza kwa miguu ya mwalimu wake.

"Mama," alimwambia mke, "nitamtafuta kama baba yangu mzazi."

Kesho yake walilikuta hema. Lilikuwa limesimama vizuri kando ya bwawa la juu, zipu imefungwa, sufuria imeoshwa na kufunikwa juu ya jiwe. Blanketi lilikuwa ndani limekunjwa. Mtu hakuwepo. Maji ya bwawa yalikuwa yamepanda hadi karibu na kamba za hema, yenye rangi ya udongo, na pale yanapomwagikia mtoni yalivuma kama mashine ya kusaga.

Kila mtu aliona hivyohivyo. Alikwenda kuvua, ukingo ukateleza, maji yakamchukua. Hata mkewe aliliona hilo na akalikataa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo walitafuta bwawani, kisha wakafuata mto kuelekea chini, kila siku mbali zaidi. Mbwa wa polisi waliletwa wakanusa tope, wakakaa. Wanafunzi wa zamani walikuja kutoka kila upande bila kuitwa. Alikuwepo muuguzi aliyeomba ruhusa kazini, na mwashi aliyekuja na vijana wake wote, na karani wa benki aliyeingia msituni na viatu vya kung'aa akatoka na soksi. Walijigawa kwa mistari, wakapiga vichaka kwa fimbo, wakaita.

Mchana walikuwa wakikutana juu ya jiwe moja pana kwenye mgongo wa mlima, katikati ya geti na bwawa, kwa sababu ndipo pekee palipokuwa pakavu. Walikula mikate, wakanywa chai ya chupa. Chini ya jiwe lile kulikuwa na korongo la kina, na mto uliofurika ulipita humo kwa kishindo, hata watu walilazimika kusemezana masikioni. Mke alisimama ukingoni mara nyingi. Alimwita mumewe kwa jina ambalo walilitumia wawili tu, ndani kwao. Aliliita mbele za watu wote bila aibu, na mto ukalimeza.

"Huku chini?" aliuliza siku moja.

Shemeji yake alichungulia. "Hapa hawezi kupita hata mbuzi. Na hema liko bwawani, shemeji. Tusipoteze mwanga."

Mkuu wa askari naye alichungulia. Alisema maji yakipungua watatuma mtu kwa kamba, kwa sasa kumshusha mtu mle ni kumuua. Hakuna aliyebisha. Wakakunja mifuko ya mikate, wakarudi bwawani.

Mvua haikupungua. Wiki ilipoisha na watu wakaanza kurudi makazini kwao mmoja mmoja, wakiaga kwa kuinamisha vichwa, mkuu wa askari alimwita mke kando, kwenye kibanda cha getini. Alimpa kiti. Yeye mwenyewe hakukaa.

"Mama, nimeagizwa nisimamishe."

"Umeagizwa na nani?"

"Wakubwa wangu. Lakini hata nisingeagizwa... Vijana wangu wawili jana nusura wachukuliwe na maji. Nikimpoteza mtoto wa mtu mle ndani, nitasema nini?"

"Utasema ulikuwa unamtafuta Twende."

Mkuu wa askari aliuma mdomo. "Mama, kama si yeye, mimi ningekuwa nani? Unadhani sijui?"

"Basi usisimamishe." Mke alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kushikashika watu, lakini aliuvuta ule mkono kama anayevuta kamba ya kisima. "Nakuomba. Nikupigie magoti? Nitapiga."

Naye akapiga kweli, pale kwenye sakafu ya saruji yenye tope la buti. Mkuu wa askari akapiga magoti pia, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu mzima kutoka juu, na wakabaki hivyo, mke na mwanafunzi wa mtu mmoja waliyemkosa. Lakini shughuli ilisimamishwa.

Nyumbani viti vilikuwa vimeshaanza kukopwa kwa majirani. Watu waliingia kwa sauti za chini, wakamshika bega. Kila mmoja aliyezungumza alisema Twende alikuwa mtu wa watu, alikuwa hana makuu, alikuwa anapenda watoto. Mke aliwasahihisha mmoja baada ya mwingine. "Ni mtu wa watu," alisema. "Hana makuu. Anapenda." Wakaacha kuzungumza mbele yake.

Shemeji alivumilia siku chache. Kisha alikaa naye jikoni, mikono yake mikubwa juu ya meza.

"Shemeji, la kuvunda halina ubani. Ndugu yangu hayupo. Watu wanataka kulia, wazee wa ukoo wanauliza. Tufanye ibada, tuweke hata jiwe, tupumue."

"Wewe pumua. Nani kakuzuia?"

"Unanisema kana kwamba simpendi."

"Sijasema hivyo. Nimesema sina maiti. Kazini kwangu bila sampuli siandiki jibu."

"Hii si maabara."

"Ingekuwa maabara ningeshajua."

Alirudi kazini kwa sababu nyumbani hapakukalika. Alipaka damu kwenye vioo, akavitia rangi, akavianika, akainamia hadubini, na kila duara la mwanga lililokuja chini ya jicho lake likawa bwawa. Siku moja alimpa mama mmoja jibu la mtoto wa mwingine. Mganga mkuu aliligundua kabla dawa haijatolewa. Hakumgombeza. Alimvua koti jeupe kwa mikono yake, kama anavyovuliwa mgonjwa, akamwambia aende nyumbani hadi atakapoitwa.

Shule nayo ilikuwa imechoka kungoja. Mkuu wa shule alikuja na maneno mazuri: wanafunzi hawasomi, wanakaa kwenye mlango wa ile stoo, walimu wamebanwa. Angependa wafanye kumbukumbu ya mwalimu ukumbini. Mke alisema hapana. Mkuu wa shule alisema anaelewa, na wakaifanya.

Alizisikia habari kutoka kwa jirani, siku yenyewe, maana kipa alikuwa ameondoka mapema bila kumwambia. Akatoka na kandambili za ndani.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, walikuwa wameweka picha ya Twende iliyokuzwa, amevaa kofia yake, anacheka na samaki mdogo kuliko kiganja. Mashada yalikuwa yamepangwa pembeni. Kwenye kipaza sauti alisimama yule mwashi.

"Mimi nilikuwa mwizi," alikuwa akisema. "Nilivunja duka, mnajua. Twende alinipeleka mlimani, akanifundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi. Nilijaribu mpaka nikalia kwa moshi. Akaniambia, moto hauna haraka na wewe, wewe ndiye mwenye haraka. Sikujua anaongelea nini. Nilijua baadaye sana." Watu wakacheka kidogo, wengine wakavuta kamasi. "Alikuwa..."

Mke alipita katikati ya viti. Kandambili zililia kwenye sakafu na mwashi akanyamaza. Alifika mezani, akaichukua ile picha, akaigeuza kifuani kwake.

"Kilio huanza mfiwa," alisema. Hakuinua sauti, ila kipaza sauti kilimsikia. "Mfiwa ni mimi. Sijaanza kulia. Ninyi mnalia nini?"

Mkuu wa shule alinyanyuka nusu, akakaa tena. Mke alitoka na picha yake hadi kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi, na hapo akakaa chini kwenye changarawe.

Binti yake ndiye aliyemfuata.

"Mama, mimi ndiye niliyewaomba waifanye."

Mama aliinua uso.

"Kila asubuhi unaniamsha unaniambia huenda leo," kipa alisema. Alikuwa amesimama miguu imetanuka kama aliye golini. "Nikienda kuoga naacha mlango wazi nisikie simu. Nimeacha kula vizuri kwa sababu naona yeye hajala. Nimechoka kumngoja. Kama amekufa niambie amekufa, nilie, nilale."

"Siwezi kukwambia nisilolijua."

"Basi tulijue. Kwa njia yoyote."

Alitaka kumshika, lakini mikono ilikuwa na picha, na alipoiweka chini binti alikuwa ameshageuka, anakwenda zake kuelekea uwanjani.

Mvua zilikatika ghafla, kama zilivyozoea. Siku chache baada ya hapo mkuu wa askari alipiga simu. Alikuwa amechukua likizo yake ya mwaka, alisema. Kwa hiyo halikuwa jambo la kazi tena, na wakubwa hawakuwa na la kumwagiza. Mto umeshuka. Alikuwa na kamba.

"Wapi?" mke aliuliza.

"Chini ya jiwe pana. Sina sababu, Mama. Ni kwamba nilisema nitatuma mtu na sikutuma."

Walikwenda watatu: yeye, mkuu wa askari, na shemeji aliyekuja na pikapu yake. Kipa walimwacha kwa jirani, baada ya ubishi mrefu kati yake na mama yake. Njia ilikuwa imekauka, ndege wamerudi. Kwenye jiwe pana makombo ya mikate yao yalikuwa yameshaliwa na siafu.

Mkuu wa askari alifunga kamba kwenye shina, akashuka kwanza. Sasa mto chini ulikuwa mwembamba, unaongea tu. Haukupita muda mrefu. Kamba ilitikisika, kisha ikatulia, na sauti yake ikapanda hadi juu bila tabu yoyote, waziwazi, kama mtu aliye chumba cha pili.

"Mama. Yuko hapa."

Shemeji alisema hataki mke ashuke. Mke alishuka. Hakuwahi kushika kamba maishani mwake, na viganja vilichubuka akaja kugundua siku ya pili.

Mwamba wa upande ule ulikuwa umeingia ndani kidogo, ukafanya kama kibaraza. Alikuwa ameegemea ukuta, kofia imefunikwa usoni, begi dogo limekaa kando. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa na kufungwa banzi: vipande vya ule ufito wa kuvulia pande mbili, na mikono ya shati imekazwa kwa mafundo nadhifu, yale aliyowafundisha watoto wa watu. Filimbi yake ya safari za mlimani ilikuwa shingoni. Simu, iliyoingia maji, alikuwa ameifungua betri akaianika juu ya jiwe.

Mkewe alipiga magoti. Hakumgusa mara moja. Alitazama kwa namna ambayo jicho lake lilikuwa limefundishwa kutazama, kuanzia pembeni kwenda katikati. Ndipo alipoyaona majivu.

Mkuu wa askari alikuwa ameyaona kabla yake. Alikuwa amesimama juu ya majivu hayo, na sasa alipitisha buti taratibu, akiyasambaza kwenye mchanga.

"Acha," mke alisema. "Nimeshaona."

Haukuwa moto wa siku moja. Majivu yalikuwa yamelaliana, mengine yameganda kwa unyevu, mengine juu yake mepesi. Kando kulikuwa na vijiti vilivyopangwa kwa urefu, ambavyo havikuwahi kuwashwa. Kulikuwa na mkebe uliokwanguliwa na kugeuzwa chombo cha kukingia maji ya mwambani.

"Alikuwa hai," mke alisema. "Tulipokuwa pale juu."

"Mama, hatuwezi kujua..."

"Mwanangu, kwa heshima ya huyu aliyelala hapa, usinidanganye."

Mkuu wa askari alivua kofia yake. "Alikuwa hai," alisema. "Siku kadhaa. Alipiga filimbi, nina hakika. Na sisi tulikuwa tunakunywa chai."

Hapo ndipo mke alipoanza. Alimlalia mumewe magotini na sauti iliyomtoka haikuwa ya maneno, na wakati huu hakukuwa na maji ya kuimeza. Ilipanda juu hadi kwa shemeji, aliyekuwa ameshika kamba. Shemeji aliisikia yote. Alisikia pia ilivyokuwa rahisi kusikia, kutoka pale, kitu kilicho chini. Alipoulizwa baadaye alisema ndipo alipoelewa kuwa ndugu yake aliwaita, kabla hajaambiwa. Aliketi juu ya lile jiwe akajipiga kifua kwa ngumi, akirudia, "Nilisema hata mbuzi. Nilisema hata mbuzi."

Jioni yake, kwenye kibanda cha getini, bado alikuwa akilisema. Mke alimshika mikono ili aache kujipiga.

"Shemeji, nilisimama pale mimi. Nilimwita. Hakuna aliyemsikia na hakuna aliyemwacha. Mto ulikuwa mkubwa kuliko sisi." Alilisema kwa sababu lilipaswa kusemwa na mtu. Mwenyewe halikumwingia.

Lililobaki lilikuwa la nyumbani: kumwambia binti. Njia nzima alilitafakari, akiwa amekaa kwenye pikapu na begi dogo mapajani. Hema lilikuwa limeachwa bwawani, limefungwa, na blanketi ndani. Mumewe hakuwa mtu wa kuacha hema. Jumamosi ile mvua ilipokaza aliona njia itafungwa, akaacha vyote vizito, akachukua begi dogo tu na ufito wake ambao hakuwahi kutengana nao, akaanza kurudi kabla ya wakati. Kule juu njia ilikuwa utelezi, naye alikuwa na haraka. Mtu yeyote aliyemjua angejua haraka hiyo ilikuwa ya nini.

Binti alikuwa barazani kwa jirani. Alipoona pikapu alisimama. Alipoona uso wa mama yake hakuuliza kama yuko hai.

"Alikufa palepale?"

Mama alikuwa na jibu jepesi, na majirani waliokuwa wamesimama mlangoni wote walimtazama wakimwombea alitoe. Alimshika binti mkono, wakatoka barabarani, wakatembea hadi mwisho wa mtaa na nyuma ya ukuta wa kiwanda cha mbao, ambako hakukuwa na mtu.

"Hapana," alisema. "Alivunjika mguu. Alijifunga mwenyewe, vizuri kabisa. Akawasha moto. Alikaa siku kadhaa."

Kipa aliendelea kutembea. "Alituita?"

"Alituita. Hatukusikia."

"Na hema? Kwa nini aliacha hema?"

Mama alipunguza mwendo. "Alikuwa anarudi."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Ili awahi mechi."

Mama alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile alitamani kudanganya, alitamani sana, kama mtu mwenye kiu. "Ili awahi mechi," alisema.

Mtoto alikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao. Hakulia. Alikunja magoti akayakumbatia, akayakandamiza kwa nguvu mpaka vidole vikageuka rangi. "Nilifungwa mabao matano," alisema. "Alikufa kwa ajili ya mechi niliyofungwa matano."

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo ilivyo."

"Alikuwa anarudi nyumbani. Siku ile nyumbani kulikuwa uwanjani, basi."

"Unasema tu."

"Nasema kwa sababu sina kingine."

Walikaa pale hadi lori la mbao lilipowapigia honi wapishe.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mwashi na vijana wake walilijenga kaburi bila kuruhusu mtu mwingine kushika mwiko. Mkuu wa askari alisimama nyuma kabisa na hakuzungumza, ingawa aliombwa. Mwaka huo aliwekesha vyuma na kamba kwenye ile njia yote, kutoka geti hadi bwawani, na kila mwisho wa wiki yuko pale kuzikagua mwenyewe. Shemeji alikonda. Huja Jumapili, hukaa, hutafuta kitu cha kukarabati.

Siku ya kufungua shule mama alikuwa jikoni akirudisha vyombo vya watu kwenye vikapu vyao. Kipa alitokea mlangoni na sare, shati halijafungwa vifungo.

"Sitaki kwenda," alisema.

"Basi usiende."

"Wataniangalia."

"Wataangalia."

Binti alisogea, akachukua sahani, akaifuta, akaiweka kwenye kikapu kisicho chake. Mama aliitoa akaiweka kwenye kikapu chake. Walifanya hivyo mpaka kikapu kikajaa.

"Nikibaki nitafanya nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi mwenyewe sijui nitafanya nini hadi mchana."

Kipa alifunga vifungo kimoja baada ya kingine, akakosea, akafungua, akaanza upya. Kisha akatafuta viatu vyake.